Daraja la miti, na lile tunalovuka kila siku



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kushona mifuko ya shule kwa vitambaa vilivyobaki. Nisameheni, mifuko itangoja. Kuna kazi nyingine iliyoingia nyumbani kwangu wakati wa konji ya Pasaka, na nimeona ni vizuri tuzungumze nayo sasa, kabla njia ya mashamba haijasahauliwa tena.

Mvulana wangu wa miaka 11 alitengeneza treni. Mnazijua treni za watoto wetu: makopo ya sardini yaliyofungwa kwa waya, magurudumu ya vifuniko vya chupa, na mbele kopo la maziwa lililolala kuwa mashine. Treni ilikuwa tayari, lakini nyuma ya jiko letu kuna mfereji wa maji ya mvua, na treni haikuweza kuvuka. Basi akaanza kujenga daraja. Alikusanya fito, matete na vipande vya mwanzi, akavifunga kwa uzi wa nyavu za zamani. Kazi hiyo aliifanya siku nne. Usiku aliliweka daraja lake pembeni ya mfuko wa makala, ili mbuzi wasilifikie.

Asubuhi ya siku ya tano makala yalikuwa na unyevu. Nilinyosha mkono gizani, nikashika furushi la miti mikavu, nikalivunja kwa goti na kuwasha mbabula. Maharage yalipoanza kuchemka, mtoto akatoka nje.

«Mama, ile miti yangu iko wapi?»

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliangalia moto, kisha akaniuliza: «Hukuona kama lile ni daraja?»

Wamama, sikuona. Niliona kuni. Neno hilo lilinikaa moyoni siku nzima, hata sokoni. Jioni nikamwambia tutajenga lingine, naye ndiye atakayekuwa mkubwa wa kazi, mimi na dada yake tutakuwa wafanyakazi. Akakubali, lakini akaomba nkambo wake aitwe.

Baba yangu alifanya kazi ya shemindefere kwa miaka mingi, katika kikundi cha watu waliotembea juu ya reli kukagua na kutengeneza, kabla ya kurudi hapa Kasenga kuzeekea karibu na Luapula. Alipofika akaomba kiti, akasikiliza habari yote ya daraja lililoungua, akacheka. Kisha akamwambia mjukuu wake: «Usimlaumu mama yako sana. Lile daraja lingeanguka tu. Nililiona. Halikuwa na mishazari.»

Somo la miti minne na miti mitatu

Kabla ya kukata chochote, mzee alitufundisha jambo moja. Fanyeni na watoto wenu, halihitaji hata dakika kumi.

Chukueni vijiti vinne vya urefu mmoja, mvifunge kwenye pembe kwa uzi, mpate mraba kama kadre ya dirisha. Shikeni chini, sukumeni juu kwa kidole. Kadre inalala upande. Vijiti havikuvunjika, mafundo hayakufunguka, lakini nyumba nzima imelala. Sasa chukueni vijiti vitatu, mfunge pembetatu. Sukumeni. Haiendi popote. Ili pembetatu ibadilike umbo, lazima kijiti kimoja kivunjike au fundo lifunguke.

Rudini kwenye ule mraba. Ongezeni kijiti kimoja kinachotoka pembe ya chini kwenda pembe ya juu ya upande wa pili. Huo ndio mshazari. Mraba umegeuka pembetatu mbili, na sasa unasimama. Nguzo hubeba uzito unaoshuka chini. Mshazari huzuia uzito usilale upande. Daraja lisilo na mishazari linaweza kubeba mzigo mkubwa likiwa limetulia, kisha likaangushwa na upepo, maji, au gurudumu linaloyumba.

Madaraja haya yalitoka wapi

Daraja la namna hii, lenye kadre nyingi za miti zilizosimama moja baada ya nyingine bondeni, lilijengwa sana na watu wa reli zamani, kwa sababu miti ilipatikana karibu na kazi ilikwenda haraka. Chuma kilihitaji kuagizwa mbali na kungojewa.

Mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, injinia Herman Haupt alijenga daraja la reli juu ya kijito cha Potomac, katika Virginia. Lilikuwa na urefu wa karibu metre 120 na kimo cha zaidi ya metre 24. Wajenzi wengi walikuwa askari wasiojua useremala, na hata hivyo lilisimama katika muda usiofika wiki mbili. Rais Lincoln alipoliona alistaajabu kwamba treni zenye mizigo zinapita juu ya kitu kinachoonekana kama mabua ya mahindi na fito za maharage. Sisi wenye mashamba ya mahindi na maharage tunamwelewa vizuri.

Upande wetu wa Afrika, reli ya Mombasa ilipoanza mwaka 1896, kazi mojawapo ya kwanza ilikuwa kuvuka maji ya Makupa, yanayotenga kisiwa cha Mombasa na bara. Walivuka kwanza kwa daraja la miti la muda. Mwaka 1898 reli hiyo ilipofika mto Tsavo, pale penye habari za simba waliokula wafanyakazi, kulikuwa pia na daraja la muda la miti, wakati lile la kudumu likijengwa. Reli ilifika Kisumu, kwenye ziwa Victoria, mwaka 1901.

Kwetu Katanga, reli ilitoka kusini, ikaingia Sakania mwaka 1909, na mwaka 1910 treni ya kwanza ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, kwenye Lualaba. Kasenga haikupata reli. Samaki wetu wa Luapula na Mweru walikwenda Lubumbashi kwa barabara, zaidi ya kilometre 200, na mpaka leo tunategemea barabara na madaraja yake. Ndiyo maana nasema kazi hii si mchezo wa watoto peke yake.

Vitu vya kutafuta

Hatukununua vingi. Hivi ndivyo tulivyotumia:

Fito nyofu zilizokauka, unene wa kalamu ya risasi, kwa ajili ya nguzo. Mwanzi mmoja mkavu wa kupasua vipande vyembamba. Katoni mbili ngumu. Kole nyeupe ya seremala, chupa ndogo. Uzi wa nyavu za zamani. Kisu chenye makali, msumeno mdogo kama upo, kipande cha msasa, rula na kalamu. Udongo wa mfinyanzi na mawe madogo bapa. Mwishoni, majani ya chai na unga wa makala.

Msitumie fito mbichi. Ukijenga na mti mbichi, ukikauka unapinda na kole inaachia. Na uji wa unga wa muhogo, tunaoutumia kubandika karatasi, hautoshi hapa. Unashika karatasi, haushiki mti wenye mzigo.

Mzee alitupa kipimo rahisi: santimetre 2 za daraja letu ni metre 1 ya daraja la kweli. Mtoto anayejua kuzidisha na kugawa kwa 2 anaweza kupima kila kitu mwenyewe. Mvulana wangu, ambaye mwalimu alimwandikia kwamba hapendi hesabu, alifanya hesabu mchana kutwa bila kuambiwa.

Namna ya kujenga

1. *Choreni kadre kubwa kwenye katoni.* Daraja letu lilikuwa na urefu wa santimetre 64, sawa na metre 32 za kweli. Kadre ya katikati ilikuwa na kimo cha santimetre 16. Juu choreni mti wa kichwa, santimetre 7. Chini yake nguzo nne: mbili za ndani zinashuka wima, mbili za nje zinatanua miguu. Mzee alisema, kila ukishuka santimetre 6, mguu wa nje utoke santimetre 1. Ni kama mama anayebeba ndoo ya maji kichwani kwenye matope: hasimami miguu ikiwa pamoja, anaitanua.

2. *Tumieni mchoro mmoja kwa kadre zote.* Bonde halina kina kimoja kila mahali, kwa hiyo kadre za pembeni ni fupi. Msichore upya. Kwenye mchoro uleule pandisheni mstari wa chini hadi kimo mnachotaka, na nguzo zikatwe hapo. Hivyo kichwa na mteremko wa miguu vinafanana katika kadre zote. Sisi tulitengeneza kadre saba, na vimo vyake vilikuwa santimetre 5, 10, 14, 16, 14, 10 na 5.

3. *Lazeni fito juu ya mchoro.* Kateni kila nguzo kufuatana na mstari, zipitisheni kwenye msasa ili mwisho wake ukae sawasawa, kisha bandikeni kichwa juu na mti wa kukalia chini. Wekeni karatasi ya mafuta au plastiki juu ya mchoro ili kole isishike katoni. Acheni usiku mzima. Hapa watoto hukosa subira. Binti yangu aliinua kadre ya kwanza baada ya saa moja, ikafunguka yote, akaanza tena.

4. *Fungeni viungo kwa uzi.* Kole ikikauka, zungusheni uzi wa nyavu mara tatu nne kwenye kila kiungo. Madaraja ya kweli yalishikwa kwa misumari mirefu ya chuma na bulo. Uzi wetu ndio bulo zetu.

5. *Wekeni mishazari.* Pasueni mwanzi vipande vya upana wa milimetre 4 hivi. Mbele ya kadre kipande kitoke chini kushoto kwenda juu kulia. Nyuma ya kadre kitoke chini kulia kwenda juu kushoto. Ukisimama mbele utaona alama ya X. Kipande kishike kila nguzo kinayopita, si nguzo za mwisho tu. Kwa kadre moja msibandike mishazari kwa kole, fungeni kwa uzi tu. Nitawaambia sababu hapa mbele.

6. *Simamisheni kadre bondeni.* Tulitengeneza bonde kwa udongo wa mfinyanzi juu ya ubao wa zamani, na chini ya kila kadre tukalaza mawe bapa. Kutoka kadre moja hadi nyingine ni santimetre 8, yaani metre 4 za kweli. Ncha mbili za daraja zikalie ukingo, juu ya mawe.

7. *Unganisheni kadre kwa urefu.* Hili watu wengi husahau. Kila kadre sasa haianguki upande, lakini inaweza kuanguka mbele, na ya kwanza ikianguka itasukuma zote, kama wanafunzi wa mstari mmoja. Bandikeni vipande virefu vya mwanzi kutoka kadre hadi kadre, pande zote mbili, na mishazari michache kati yake.

8. *Lazeni boriti.* Boriti mbili ndefu zipite juu ya vichwa vyote, kila moja chini ya mahali pa reli yake. Kama mwanzi hautoshi urefu, uungeni, lakini kiungo kikae juu ya kichwa cha kadre, kamwe kisikae hewani kati ya kadre mbili. Na viungo vya boriti mbili visikutane juu ya kadre moja.

9. *Pangeni mataruma na reli.* Mataruma ni ile miti inayolala chini ya reli. Kateni vipande vya mwanzi vya santimetre 4 na nusu, mvipange kila milimetre 8. Tulihitaji 80. Mvulana alitaka njiti za kiberiti, kwa kuwa urefu wake unakaribia, lakini nilikataa: njiti nzima ni pesa na ni moto, na zilizoungua ni fupi. Juu yake tulibandika reli za waya ulionyoshwa. Reli zetu za Katanga zimeachana metre 1 na milimetre 67, hivyo kwenye daraja letu waya uliachana santimetre 2 na kidogo. Magari ya makopo yalikuwa mapana kuliko hapo, ikabidi treni mpya ijengwe. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Kulifanya lionekane la kweli

Mti mpya unang'aa, na daraja la kweli haling'ai. Mzee alisema miti ya reli ilipakwa dawa nyeusi itokanayo na lami ya makaa ya mawe, ili mchwa na unyevu visiiharibu. Tulichemsha chai nzito sana, tukapaka mara mbili na kuacha ikauke juani. Kisha tukachanganya unga wa makala na maji kidogo, tukapitisha kwa kitambaa na kufuta mara moja, ili weusi ubaki kwenye mistari ya mti.

Chini, mahali ambapo maji ya mto hufika wakati wa mvua, paka weusi zaidi, na juu yake alama hafifu ya tope. Msipake kila nguzo sawasawa. Binti yangu alikuwa na jicho zuri kuliko sisi sote hapo. Aliacha nguzo moja nyeupe kidogo, akasema: «Hii waliibadilisha mwaka jana.» Mzee alinyamaza kidogo, akamwambia kwamba angemchukua kwenye kikundi chake. Nawaambia jambo hili kwa sababu mwanzoni nilimwita msichana aje kuosha vyombo wakati kaka yake anajenga. Wamama, tusifanye hivyo.

Jaribio la chumvi

Siku ya daraja kumalizika tuliweka juu yake pakiti moja ya chumvi ya kilo. Likasimama. Ya pili, likasimama. Tuliposhika nusu ya tofali la udongo, mtoto akafumba macho. Likasimama.

Kisha mzee akatwambia tutengeneze daraja fupi la kadre tatu, na ile kadre yenye mishazari ya uzi ikae katikati. Tukaweka chumvi juu, tukasukuma ubavuni kwa kidole kimoja: halikuyumba. Tukafungua uzi, tukatoa mishazari ya kadre ile, tukasukuma tena. Kadre ikalala, chumvi ikaanguka, na kuku wakakimbia. Nguzo zilikuwa zilezile, na chumvi ileile.

Kijito cha njia ya mashamba

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mnalijua daraja la kijito tunalolivuka kwenda mashambani. Mwezi wa pili, mwenzetu mmoja wa kikundi aliteleza pale na kinga yake, akiwa na mfuko wa muhogo nyuma. Kinga ilikwenda majini, naye alivunjika mkono. Baadaye mbao mpya ziliwekwa juu, zikapigiliwa misumari, nasi tukashukuru na kuendelea kupita. Tuliangalia mbao kwa sababu ndizo tunazokanyaga.

Juma moja baada ya jaribio la chumvi, nilipita pale na binti yangu. Akasimama katikati, akatua beseni, akashuka ukingoni na kuinama chini ya daraja. Akaniita. «Mama, njoo uone. Halina mshazari hata mmoja.»

Nilishuka. Ilikuwa kweli. Kadre mbili za nguzo, wima kabisa, miguu pamoja, bila mti hata mmoja unaokatiza. Nikakumbuka jambo jingine ambalo mzee alilisema tulipokuwa tunapaka chai. Watu wa reli walipokagua nguzo ya mti, hawakuiamini kwa kuitazama. Waliigonga kwa nyundo na kusikiliza. Mti mzima unalia ko! ko! Mti uliooza ndani unatoa sauti iliyokufa, pu. Na mahali pa kwanza pa kugonga ni pale nguzo inapoingia udongoni, kwa sababu mti ukikaa majini daima, au ukikaa pakavu daima, unadumu. Unaoza pale unyevu na hewa vinapokutana.

Tukaokota jiwe. Juu nguzo zote zililia vizuri. Chini, karibu na udongo, tatu kati ya nne zilitoa sauti iliyokufa. Moja niliichoma kwa kisu cha kukatia mboga, kikaingia hadi mpini.

Alhamisi ile nilibeba daraja dogo hadi kwenye mkutano wa kikundi. Wengine walicheka, wakasema mama huyu amekuja na michezo ya watoto. Nikaweka chumvi juu, nikasukuma. Nikafungua uzi, nikasukuma tena. Chumvi ilipoanguka hakuna aliyecheka. Yule mwenzetu mwenye mkono uliovunjika aliomba kusukuma yeye mwenyewe, na tukalisimamisha tena ili asukume.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa chifu, sisi kumi na wawili, na daraja letu. Hatukumlaumu mtu. Tulimwonyesha vilevile tulivyoonyeshana, kisha tukamwomba aje na jiwe agonge mwenyewe. Alikuja, akagonga. Kila mmoja wetu alitoa alichoweza, wenye mashamba ng'ambo wakatoa siku moja ya kazi, na seremala akatutafutia nguzo za mulombwa, mti mgumu usiooza haraka. Pesa zilitosha nguzo mbili. Zimebadilishwa, na mishazari imepigiliwa kwenye kadre zote mbili, mbele na nyuma.

Nguzo ya tatu iliyooza bado iko pale. Ni ile ya upande wa mashamba, mkono wa kuume ukitoka nyumbani. Mpaka itakapobadilishwa, tafadhalini: shusheni mzigo kwenye kinga, vusheni mzigo kwanza, kinga baadaye, na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye mtoto mgongoni asivuke na mzigo mkubwa. Najua inachosha, hasa jioni, lakini mkono wa mwenzetu haujapona hadi leo.

Maombi yangu mawili

La kwanza: kila kikundi cha mtaa kiende na jiwe kwenye daraja lake juma hili. Tazameni chini, msitazame mbao peke yake. Ulizeni mambo matatu. Je, nguzo zinalia vizuri karibu na udongo? Je, kuna mishazari? Je, miguu ya nje imetanuka? Mkipata jibu baya, leteni habari Alhamisi, tutaandika yote kwenye karatasi moja na kuipeleka kwa wakubwa. Mvua zinapungua sasa. Miezi ya ukame ndiyo miezi ya kutengeneza, maji yakiwa chini na udongo ukikubali kuchimbwa.

La pili ni la nyumbani. Mtoto wako akirudi na furushi la fito, usiulize kwanza kama ni kuni. Muulize ni nini. Huenda ni nyumba, huenda ni motokari, huenda ni daraja. Tunasikia habari za mradi wa barabara ya kwenda Zambia na daraja kubwa juu ya Luapula. Daraja kama hilo litahitaji watu wanaojua kupima, kukata na kusubiri kole ikauke. Sijui kwa nini wote watoke mbali.

Daraja letu dogo sasa liko juu ya kabati, mbali na mbabula. Jumamosi ijayo saa nane, baada ya kufua, watoto wote wa wanachama wanaotaka kujenga waje nyumbani kwangu na fito zao kavu, wasichana na wavulana. Nkambo atakuwa kwenye kiti chake. Mama mwenye mianzi mikavu aniletee mmoja, nami nitampa miche ya sombe.

Juma lijalo, mifuko ya shule, Mungu akipenda.